Paka wa Marehemu

"Dada, samahani, na huyu anapita wapi?"

Sauti ilikuwa laini, ya mtu aliyezoea kusema na watoto wadogo. Sikuinua uso. Asubuhi ile foleni ya abiria ilikuwa imefika mpaka mlango wa nje, na mimi nilishasema "kompyuta nje, mkanda nje, maji mwaga" mpaka ulimi ukakauka kama kandambili ya zamani. Nilichokiona kwanza ni begi la wavu lililowekwa mezani kwangu, na ndani yake paka mweusi aliyejikunja, ameipa dunia mgongo.

Kwenye mgongo ule, karibu na bega la kushoto, palikuwa na kovu lisiloota manyoya. Kovu la ukubwa wa yai la kuku.

Masikio yangu yakaziba.

Kovu lile nililipaka dawa kwa kidole changu hiki hiki, asubuhi na jioni, mpaka likafunga. Paka yule nilimtoa ndani ya injini ya gari, kwenye maegesho ya uwanja huu huu wa ndege, akiwa mdogo wa kutosha kiganjani, ameungua, analia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nilimviringisha kwenye skafu ya sare yangu nikakimbia naye kwa daktari wa mifugo wa karibu. Paka akapona. Aliyeugua ni mimi, na ugonjwa wangu ulikuwa yule Daktari.

Tulipendana. Alinivisha pete jikoni kwangu, mikono yangu imejaa povu la sabuni, na Kiraka, maana ndivyo tulivyomwita paka kwa ajili ya kovu lake, akitutazama kutoka juu ya friji kama mzee wa ukoo. Aliyetuzuia ni mama yake Daktari. Alinipokea sebuleni kwake mara moja tu. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akamgeukia mwanawe kana kwamba mimi ni kochi.

"Nimekusomesha mpaka ukawa daktari," alimwambia, "uje uniletee mwanamke ambaye kazi yake ni kupapasa viuno vya wapita njia?"

Tulipotoka Daktari alinishika mkono. "Usijali, mama atazoea."

Mama hakuzoea. Aliyezoea ni yeye: alizoea kusikia ubaya wangu kila siku mpaka ukamkolea. Jioni moja nikarudi kutoka kazini, nikakuta kabati liko wazi, nguo zake hazipo, bakuli la paka halipo, paka mwenyewe hayupo. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe: "Nisamehe. Mama amekataa katakata. Kiraka nimemchukua." Nilipopiga, namba ilikuwa imeshafungwa.

Mwanamume kuniacha ningelia, ningenyamaza. Wangapi wameachwa na bado wanakula wakashiba? Lakini kuniibia kiumbe nilichokilea, nikiwa kazini, kama mwizi wa kuku! Tangu siku ile nililea kitu kingine badala ya paka. Nililea kisasi. Nilikilisha, nikakilaza, nikaamka nacho. Nilijua jambo moja tu: anayetaka kuruka lazima apite mikononi mwetu. Daktari alijua nawakagua wafanyakazi kule jengo la mizigo, hakujua nilihamishiwa huku kwa abiria. Siku atakayokuja ningemvua viatu, soksi, mkanda na saa, ningemsimamisha mikono juu mbele za watu, ningemfungulia begi nguo moja moja, na ndege ingemwacha anaiona kwa macho.

Sasa paka alikuwa amekuja, na yeye hayupo. Nikainua uso.

Alikuwa msichana mrefu, kavaa gauni la bluu la safari, na kidoleni ana pete yenye jiwe kubwa kuliko langu la enzi zile. Nilitaka awe na macho ya fisi. Ningefurahi sana. Lakini alikuwa na macho mazuri, ya mtu asiyekusengenya ukiondoka, na hilo lilinichoma zaidi.

"Uko peke yako?" nilimuuliza.

"Niko na mchumba wangu. Yeye amepitia mstari ule wa mwisho na mizigo, yuko pale mbele anazungumza na simu."

Alinionyesha ng'ambo ya kioo. Niliona mgongo tu. Mgongo ule nimeupigia pasi mashati, ningeutambua hata umeme ukikatika.

"Mnyama hapiti kwenye mashine," nilimwambia kwa sauti ya kazi, maana ndiyo pekee niliyokuwa nayo wakati ule. "Begi linapita tupu. Wewe unampakata, mnapita wote kwenye mlango ule wa kukagua chuma. Huo mkanda wake wa kifuani umvue, una kipande cha bati."

"Dada, atanikimbia. Anaogopa makelele. Si nasikia kuna chumba cha pembeni?"

"Kipo," nilisema. "Nifuate."

Nilimwita mwenzangu wa zamu awe shahidi, maana mkaguzi haruhusiwi kuingia na abiria peke yake. Sisi tunamwita Bi Mkasi, kwa sababu hakuna mkasi uliowahi kumpita. Ni mtu mzima, mnene, mwenye mdomo, na ndiye aliyenipangusa machozi chooni mwaka mzima uliopita. Alipoona kovu la paka, alinitazama mara moja, akafunga mlango nyuma yetu.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kina meza, viti viwili, na kile kipimo cha kupangusia viganja kujua kama mtu ameshika baruti. Msichana akafungua zipu ya begi, akamvua paka ule mkanda.

"Faraja, njoo mama. Njoo, usiogope."

"Nani?" niliuliza.

"Faraja. Ndilo jina lake."

Paka alitoa kichwa, akanusa hewa. Akatoka, akapita mikono ya msichana kana kwamba ni miguu ya meza, akavuka meza yote, akapanda kifuani kwangu akasukuma kichwa chake chini ya kidevu changu. Akaanza kunguruma.

"Jamani!" Msichana alishika mashavu. "Hajawahi! Huyu hata mama mkwe anamkimbia, anajificha chini ya kitanda. Dada, una dawa gani?"

Nilikuwa nashughulika kutolia. Bi Mkasi akalichukua begi akalipeleka kwenye mashine, akarudi upesi kuliko alivyowahi kurudi popote.

"Ulimpata wapi?" nilimuuliza msichana.

"Ni wa mchumba wangu. Yaani..." Alishusha sauti, kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba. "Ni habari ya kusikitisha kidogo, dada. Huyu alikuwa wa mchumba wake wa kwanza. Alifariki."

"Alifariki nani, paka?" aliuliza Bi Mkasi.

"Mchumba. Dada wa watu alishikwa na homa, siku chache tu, akaondoka. Daktari hapendi kumzungumzia, akianza tu macho yanajaa. Siku aliyonichumbia aliniletea paka huyu akaniambia, 'Hiki ndicho kitu pekee alichoniachia. Nakupa wewe.' Nililia, jamani. Ndiyo maana nikamwita Faraja. Na mimi kila ninaposali namkumbuka yule dada. Namwombea alale pema."

Nilivuta kiti nikakaa. Mikono yangu iliendelea kumpapasa paka, maana mikono haisikii habari.

Kwa hiyo nilikufa. Nilikufa kwa homa, nikazikwa, nikaliliwa na mtu aliyefunga namba ya simu asije akaisikia sauti yangu. Na mtoto wa watu mwenye macho mazuri alikuwa akipiga magoti kuniombea, huku mimi niko hai, nakaanga mayai, nalipa kodi ya nyumba, nagombana na jirani juu ya maji.

"Alikuwa mtu wa kazi gani, huyo marehemu?" niliuliza.

"Mkaguzi, kama nyinyi. Tena nadhani hapa hapa uwanjani. Labda mlimfahamu?"

Bi Mkasi alikohoa. "Tulimfahamu," alisema. "Alikuwa anapenda kula."

Nilitazama ukuta. Kisasi nilichokilea mwaka mzima kilionekana sasa kidogo, cha kitoto. Viatu na soksi! Mtu aliyenizika hai nimvue soksi?

"Mdogo wangu," nilisema, "nahitaji kukupangusa viganja kwa kipimo hiki, na paka anataka mtu wa kumshika. Mwite mwenzako aje asaidie."

"Si umemshika wewe, dada?"

"Mimi niko kazini."

Alipokuwa anabonyeza simu, Bi Mkasi alininong'oneza, "Usichanganye kazi na moto wako."

"Moto waliuwasha wao," nilimjibu. "Mimi nimekuja kuota tu."

Hatua zake nilizisikia kabla mlango haujafunguka. Alikuwa na mwendo wa kuburuta kisigino cha kulia, bado anao. Mlango ukafunguka, akaingia akitabasamu, simu mkononi, shati jeupe, harufu ile ile ya sabuni ya hospitali na manukato.

"Kuna shida gani, mpen..."

Neno likakatikia hapo. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama gari linalomjia. Midomo ilibadilika rangi, akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Karibu, Daktari," nilisema. "Pole na msiba."

Msichana akacheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa mzaha. "Dada, msiba ulikuwa zamani."

"Kwake ndiyo kwanza umefika. Muulize."

"Wewe..." alisema Daktari. "Wewe si uko... si ulikuwa kule mizigo?"

"Nilikuwa kaburini, Daktari. Nimetoka mara moja, zamu yangu ni ya asubuhi."

"Mnafahamiana?" Msichana alitutazama mmoja mmoja. "Daktari, mnafahamiana?"

Nikainama sikioni mwa paka. "Kiraka," niliita kwa sauti ndogo. Paka akainua kichwa akanijibu kwa mlio wake ule mfupi, kama mtu anayesema "naam."

"Hilo ndilo jina lake," nilimwambia msichana. "Aliungua ndani ya injini ya gari, kovu hilo nimeliuguza mimi. Hulala juu ya miguu ya mtu. Akipiga chafya anakasirika, anatazama nani amemsukuma."

"Anakasirika, ndiyo..." Sauti yake ilipungua. "Dada, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye unayemwombea alale pema. Asante sana. Nalala vizuri tu."

Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alimgeukia Daktari polepole, mikono kaiacha mezani, viganja juu, bado vinasubiri kupanguswa.

"Sema ni uongo."

"Mpenzi, sikiliza. Sivyo unavyofikiri. Ni mama. Mama ndiye aliyewaambia ndugu zako. Walikuwa wanauliza huyo wa kwanza aliachwa kwa nini, kuna kasoro gani, mama akaona ni rahisi zaidi kusema kwamba..."

"Rahisi!"

"Nilikuwa nataka kukueleza. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Na yale machozi?" alimuuliza. "Machozi nayo yalikuwa ya mama?"

"Machozi yalikuwa ya kweli."

Aliposema hivyo hakuwa anamtazama yeye. Alinitazama mimi. Na macho yale, Mungu wangu, yalikuwa yale yale yaliyonitazama kupitia mvuke wa sufuria jikoni kwangu, mazito, yenye maji, yanayokuita bila mdomo. Mwili hauna aibu. Kwa pumzi moja nilitamani aseme neno moja la kweli, moja tu, niyatupe yote niliyopanga.

"Nilikulilia," alisema. "Haki ya Mungu nilikulilia wewe."

"Ungelilia kwenye simu ningekuja," nilimwambia. "Namba yangu haikubadilika."

Akainamisha kichwa. Macho yale yakaondoka usoni kwangu, na mimi nikarudi kuwa nilivyokuwa.

Msichana alikuwa ameshatoa simu yake. "Dada, naomba nipige simu. Inaruhusiwa humu?"

"Hairuhusiwi," alisema Bi Mkasi, akageukia ukuta. "Lakini leo masikio yangu yananisumbua tangu asubuhi."

"Unampigia nani?" Daktari aliruka. "Usimpigie mama. Mpenzi, nakuomba, mama ana presha..."

Msichana aliiweka simu katikati ya meza, akafungua sauti isikike. Ikaita. Nami niliijua sauti iliyopokea kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mkwe wangu! Mmeshapanda?"

"Bado, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huku nyumba imejaa wageni, mapazia nimebadilisha, tunawasubiri nyinyi tu."

"Mama, kuna mtu hapa uwanjani alimfahamu yule marehemu. Ananiuliza alikufaje, na mimi nimesahau. Hebu niambie tena."

"Sasa hayo ya nini leo? Mambo ya kaburi hayasemwi safarini."

"Niambie tu, mama, nimjibu."

Akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayeingia jukwaani. "Homa, mwanangu. Homa kali. Mimi ndiye niliyemuuguza, si unajua nilivyompenda yule binti? Alikata roho hapa mikononi mwangu. Nikamfumba macho kwa vidole vyangu hivi. Na neno lake la mwisho, alinishika mkono akaniambia, 'Mama, mtafutie mwanao mke mwema.' Ndiyo maana nilipokuona wewe, nilijua."

Daktari alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Bi Mkasi alikuwa anang'ata mkono wa sare yake, mabega yanacheza.

Nikaisogelea simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni yule wa kupapasa viuno. Ulinifumba macho vibaya, mama. Yamefunguka."

Upande wa pili kitu kilianguka, kikombe au sahani. Kisha simu ikakatika.

Nje, kipaza sauti kikawaita abiria wa mwisho wa ndege yao, waende mlangoni haraka. Msichana alisimama. Akaokota mkanda wa paka, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa begi kwa utaratibu, kama mtu anayepanga nguo za mtoto aliyelala.

"Nenda," alimwambia Daktari.

"Twende wote. Tutazungumza hukohuko, tutamkalisha mama chini. Watu wamealikwa. Baba yako atasema nini?"

"Baba yangu nitamwambia mwenyewe. Wewe nenda, unachelewa."

Ndipo aliponigeukia mimi, na alipiga goti moja kwenye sakafu ile tunayopitisha viatu vya watu wote. "Sema naye," aliniomba. "Wewe unanijua. Mwambie mimi si mtu mbaya. Mwambie nilikupenda kweli, nilibanwa tu. Neno lako moja atalisikia. Tafadhali."

Nilikuwa nimeisubiri sura ile mwaka mzima. Nilimtazama utosini, pale nywele zinapozunguka, pale nilipokuwa nikiweka shavu langu.

"Marehemu hasemi, Daktari."

Akainuka. Chumba kile kina milango miwili: mmoja unaelekea kwenye ndege, wa pili unarudi nje kwenye foleni. Msichana alikuwa amesimama karibu na ule wa nje, begi tupu mkononi. Daktari alisimama katikati, anamtazama yeye, anatazama paka, ananitazama mimi. Kama angeufuata mlango wa nje, nasema kweli, hata mimi ningemheshimu kidogo. Simu ikalia mkononi mwake. Kioo kikaandika: Mama.

Akaipokea. "Ndiyo, mama," alisema. "Hapana, mama. Ndiyo, naja." Na simu ikiwa sikioni, akaufungua mlango wa ndege, akaenda.

Msichana aliutazama mlango ulivyojifunga taratibu. Kisha akaweka begi mezani, zipu ikiwa wazi.

"Mchukue paka wako, dada."

"Siwezi."

"Nakupa kwa roho moja."

"Si roho. Ni kanuni. Mkaguzi akipokea kitu kwa abiria, hata pipi, kazi imeisha. Na wewe ni abiria."

Alifikiri. "Nisipopanda je?"

"Usipopanda si abiria."

"Basi sipandi," alisema. "Masanduku yangu mawili yapo ndani ya ndege. Nitayapataje?"

Bi Mkasi aligeuka kutoka ukutani, na uso wake uliwaka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. "Mwanangu," alisema, "abiria asipopanda, mzigo wake hauruki. Kanuni. Itabidi wayatafute kwenye tumbo la ndege, watoe yote, moja moja." Akachukua redio yake kiunoni. "Mkuu wa zamu, nina abiria amesitisha safari. Ndiyo, ana masanduku. Mawili. Ndiyo, ya harusi."

Nilimrudisha Kiraka ndani ya begi, nikarudi mezani kwangu nikaendelea na foleni. Kupitia kioo niliiona ndege imesimama juani, mlango wa chini wazi, vijana wa mizigo wanashusha masanduku wanayapanga chini. Watu waliokuwa ndani walikuwa wanachungulia madirishani kuuliza nani kawachelewesha. Rubani, nilisikia baadaye, alitangaza kwamba safari inacheleweshwa na mchumba wa bwana wa kiti fulani. Kila nilipomaliza abiria mmoja nilitazama kule. Nilitazama kwa raha, sitasema uongo. Wakati ndege ilipoondoka hatimaye, jua lilikuwa limeshapanda utosini.

Zamu yangu ilipoisha alasiri, nilimkuta ameketi kwenye benchi la nje, masanduku mawili makubwa pembeni na begi la wavu mapajani. Alikuwa ameshalia akamaliza, macho yamevimba, lakini amejipaka poda.

Nilikaa. Tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri zamu hospitalini.

"Nimejaribu kukuchukia tangu asubuhi," alisema. "Nimekosa pa kuanzia."

"Mimi nilianza kukuchukia kabla sijakuona uso."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nikuweke wapi," nilimwambia kweli, na akacheka kwa pua.

Alifungua mfuko wa begi akatoa chupa ndogo ya dawa na bomba la sindano lisilo na sindano. "Figo zake si nzuri siku hizi. Hii ni asubuhi, kabla hajala. Anaitema, kwa hiyo umzibe pua kidogo halafu umpapase koo. Samaki usimpe tena, hata akikulilia vipi."

Nilimwangalia mtu yule. Mwaka mzima nilikuwa nimemfikiria paka wangu yuko kwa wezi, na kumbe kulikuwa na mtu aliyeamka kila asubuhi kumziba pua na kumpapasa koo. Nikamshika kiwiko.

"Nyumbani kwangu si mbali," nilisema. "Uje umtazame utakapotaka. Umwite Faraja ukipenda, sitakasirika."

Alitaka kujibu, simu yake ikalia. Aliitazama. "Ameshafika," alisema. Akaifungua sauti akaiweka juu ya begi katikati yetu, wala hakusema haloo.

"Mpenzi?" Sauti ya Daktari ilitoka imekwaruza, na nyuma yake watu wanaburuta mizigo. "Mpenzi, usikate. Nimekosa. Nimezungumza na mama, hata yeye yuko tayari kukuomba radhi. Panda ndege ya kesho. Siwezi kuingia nyumba ile bila wewe. Wewe ndiye paa langu, mpenzi..."

"Nikikukosa wewe nanyeshewa," nilisema kwa sauti ya chini, na yeye kule, neno kwa neno, alisema hivyo hivyo.

Msichana aligeuza uso akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, na Daktari akiendelea kuita haloo, haloo, mpenzi, upo? Kisha akaiinua simu karibu na mdomo wake.

"Basi nyeshewa," alisema, akaikata.